"Couldn't have" si "might not have": kuchagua ukanushi wa Kiingereza kwa mambo yaliyokwisha kupita

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini Mombasa. Kwa kuwa Kiingereza changu kilionekana kimenyooka kidogo kuliko cha wenzangu, barua za wateja wa nje zote ziliangukia meza yangu. Siku moja mteja aliyekuwa Uingereza aliuliza kama hati za shehena alizotuma zimeshamfikia mwenzetu anayeshughulikia kontena lake. Mwenzetu ametoka. Nilichotaka kujibu ni kwamba huenda hakuzipata, nitamuuliza akirudi. Nikaandika: "He couldn't have received the documents."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. "He could have received" ni "huenda alizipata", kwa hiyo nikitia "not" nitapata "huenda hakuzipata". Mteja akasoma jambo jingine: haiwezekani kabisa awe amezipata. Hati ya shehena kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, kwa hiyo alikuwa na nyingine mkononi. Akaituma kwa mjumbe wa haraka, kwa gharama yake. Siku mbili baadaye zile za kwanza zikaonekana kwenye droo.

Nikashika kalamu tena kumtuliza. Nyumbani ningesema, "usingejisumbua kutuma nyingine." Nikaandika: "You shouldn't have sent another set." Kosa hili lilikuwa baya kuliko lile la kwanza, maana maneno hayo yanamwambia mtu kuwa amekosea kutuma. Katoa pesa zake kwa sababu ya sentensi yangu, halafu namkaripia.

Miaka imepita. Sasa nafundisha Kiingereza jioni kwa watu wa maofisini, na karibu kila darasa hukwama palepale nilipokwama mimi. Kuunda sentensi wanajua. Kinachowashinda ni kuchagua.

Umbo ni moja, "not" haikai mahali pamoja

Unachukua kitenzi kisaidizi, unakikanusha, unaweka "have", kisha kitenzi kikuu kutoka safu ya tatu ya ile orodha tuliyokaririshwa shuleni: go, went, gone. "Have" haibadiliki hata mtendaji akiwa "he" au "she", kwa hiyo "he can't has gone" ni kosa. Kwa upande wa umbo, basi, hakuna zaidi ya hapo.

Kwa nini lakini "have", na si umbo la kawaida la wakati uliopita? Kwa sababu visaidizi hivi havina jana yao. "Must" na "ought" zamani vilikuwa vyenyewe maumbo ya wakati uliopita: "must" ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale "motan", na "ought" inatoka kwenye kitenzi kilekile kilichozaa "owe", kudaiwa. Karne zikapita, maumbo hayo yakahamia wakati uliopo, na nyuma yao hakikubaki kitu. Ndiyo maana "have" imepewa kazi ya kubeba jana.

Ugumu unaanzia kwenye "not". Sisi katika Kiswahili tunaona wazi ukanushi umekaa wapi. "Haiwezekani kwamba alikwenda" na "inawezekana kwamba hakwenda" ni sentensi mbili, na hakuna mtoto wa Likoni atakayezichanganya. Kiingereza hubandika "n't" palepale ubavuni mwa kisaidizi, kisha humwachia msomaji kazi ya kujua kinachokanushwa ni kisaidizi au ni kitendo. "She can't have gone": hakuna uwezekano kwamba alikwenda. "She might not have gone": uwezekano upo, wa kutokwenda. "She needn't have gone": alikwenda, haja haikuwepo. "She must not have gone": nina yakini hakwenda. Mahali pa "not" ni pamoja kote, lakini kinachokanushwa hakifanani.

Kwa hiyo mimi hujiuliza mambo mawili kabla ya kuandika. Je, nakisia kilichotokea, au nakijua na sasa nakitolea maoni? Na kama nakijua, kilitokea au hakikutokea? Majibu ya hayo mawili hukata zaidi ya nusu ya machaguo.

Nakisia: "can't have" au "might not have"?

Hapa ndipo nilipoanguka, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuseme Halima hapokei simu jioni. Mfanyakazi mmoja anasema, "Halima can't have left. Her bag is still on the chair." Mwingine anasema, "Halima might not have left. Some days she stays until seven." Wa kwanza ana ushahidi, ameuona mkoba. Anafunga mlango: haiwezekani awe ameondoka. Wa pili hana ushahidi wowote, ana mazoea tu. Mlango anauacha wazi: huenda hajaondoka, na huenda kaondoka.

Wanafunzi wangu nawapa kipimo kimoja ambacho hakijanivunja moyo bado. Ongeza mwishoni "au labda alifanya". "He might not have seen the message, or perhaps he did" inasimama vizuri. "He can't have seen the message, or perhaps he did" inajipinga yenyewe, kama mtu anayesema "haiwezekani, lakini inawezekana". Kama sentensi yako ya Kiswahili inavumilia nyongeza ile, yaani ni ya "huenda", "labda", "pengine" au "yamkini", basi "can't" na "couldn't" zote mbili hazikufai. Chukua "might not have" au "may not have".

Mtego wenyewe uko kwenye "could". Katika kukubali, "could have" na "might have" ni majirani wa ukuta mmoja: "He could have missed the ferry" na "He might have missed the ferry" zote ni "huenda alikikosa kivuko". Unapokanusha, majirani hao wanahama, mmoja upande huu wa Likoni na mwingine upande wa pili. "He might not have missed the ferry": huenda hakukikosa. "He couldn't have missed the ferry": haiwezekani awe alikikosa, alikuwa amesimama langoni. Mantiki niliyoitumia ofisini, ya kuchukua sentensi ya kukubali na kuitia "not", hufanya kazi karibu kote katika Kiingereza, na hapa ndipo inapokuangusha.

Kuna pengo jingine la kujua. Kinyume cha "must have" ya kukisia, kwa Kiingereza cha vitabu vya Uingereza, ni "can't have". "She must have taken the keys" hukanushwa kuwa "She can't have taken the keys". Tena "can have" ya kukubali karibu haipo katika sentensi za kawaida, hutokea kwenye maswali, kama "Where can she have gone?" Mitihani ya Cambridge inaipenda sana jozi hii. Ukipewa "I'm sure he didn't break it" uigeuze kwa neno "can't", jibu ni "He can't have broken it". Anayekariri kwamba kinyume cha kitu ni kitu hichohicho pamoja na "not" huandika "mustn't have broken", akapoteza alama.

Kati ya "can't have" na "couldn't have" kwa kukisia, maana haipishani sana, na Wamarekani huipendelea "couldn't". Mimi nawashauri wanafunzi wachague "can't have" wanapokisia, kwa sababu moja tu: haina uso wa pili. "Couldn't have" inao. Tazama sentensi hizi mbili.

"They couldn't have finished the road. The bridge isn't even up."

"They couldn't have finished the road without the new machines."

Ya kwanza inasema barabara haijaisha: haiwezekani wawe wameimaliza, daraja lenyewe halijasimama. Ya pili inasema barabara imekwisha: wasingeweza kuimaliza bila mashine mpya, na mashine walikuwa nazo. Maneno ni yaleyale hadi kwenye "road", ukweli ni kinyume kabisa. Ukiona "without" au "if" karibu, mara nyingi uko kwenye ya pili. Ukiandika wewe, usimfanyie msomaji mtihani huu.

Uso huo wa pili ndio pia unaozaa sifa na vijembe. "It couldn't have been better" ni kusema mambo yalikwenda vizuri kupindukia. "You couldn't have come at a worse time" ni kwamba umefika wakati mbaya kuliko wote. Mgeni wa lugha akisikia "couldn't" na "better" humjia kichwani malalamiko, kumbe anasifiwa.

"Might not" na "may not" zinakaribiana mno ukikisia tu: "She may not have heard" na "She might not have heard" utazikuta zote, na "may" husikika rasmi kidogo. Kwa kifupisho, "mightn't" utaisikia zaidi Uingereza. "Mayn't" iache, imekwisha kufa. Zinapoachana ni kwenye mambo ambayo hayakutokea, na nitayafikia.

"Must not have": ya Marekani, ya Uskoti, na ya fomu za maombi

Nimesema "mustn't have broken" hupoteza alama kwenye mtihani wa Kiingereza cha Uingereza. Lakini fungua filamu ya Kimarekani na utaisikia "must not have" kila mara, na karibu daima bila kufupishwa: "He must not have seen your email." Si kosa lao. Ni njia yao ya kusema "nina yakini hakuiona". Waskoti na Waairishi nao husema "mustn't have" kwa maana hiyohiyo.

Anayeishi kati ya aina hizi mbili za Kiingereza anapata faida ndogo ambayo vitabu vya Uingereza haviitoi. "He can't have seen my message, his phone was stolen on Monday" inazungumzia jambo lisilowezekana. "He must not have seen my message, or he would have answered" haisemi haiwezekani. Inasema nimepima dalili nikafikia hapo. Katika Kiswahili ya pili ningeisema "atakuwa hakuuona". Kama unamwandikia Mmarekani na hali ndiyo hiyo, "must not have" ni tamu na sahihi. Kama unafanya mtihani wa Uingereza, iache nyumbani.

Kuna "must not have" ya tatu, na hii iko kila mahali, kwa waombaji wa ufadhili hasa. "Applicants must not have studied abroad before." Hapa hakuna anayekisia. Ni sharti: mwombaji asiwe amewahi kusoma nje. Nimemkuta kijana aliyeisoma hiyo kama "waombaji watakuwa hawajasoma nje", akadhani ni maelezo tu ya aina ya watu wanaoomba, akatuma maombi akiwa na shahada ya nje. Fomu haikisii. Ukiona "applicants", "candidates" au "the vehicle" mbele ya "must not have", soma "ni sharti asiwe" au "ni sharti lisiwe".

Na kitu kimoja "mustn't have" haifanyi kamwe: kusimulia marufuku ya zamani. "Tulipokuwa bweni hatukuruhusiwa kuwasha taa baada ya saa nne" si "we mustn't have turned on". Ni "we weren't allowed to turn on the lights".

"Won't have", ambayo tunayo tayari

Hii naipenda kwa sababu Kiswahili kinaijua bila kufundishwa. Saa moja asubuhi mtu anauliza kama Juma amefika kazini. Unajibu, "Atakuwa hajafika." Umetumia wakati ujao kusemea jambo la sasa hivi au la jana, kwa sababu unakisia kwa kujiamini. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "He won't have arrived yet." Neno kwa neno, karibu. Wanafunzi wanaogopa "won't have" wakidhani lazima iwe ya kesho. Mwambie mmoja "atakuwa hajafika" na uoga unaisha.

"Wouldn't have" husogeza kisio hilo nyuma zaidi: "You were a baby. You wouldn't have known him." Usingemjua, ulikuwa mchanga.

Najua kilichotokea: "usingejisumbua" ina watoto watatu

Tumetoka kwenye makisio. Sasa jambo linajulikana, na tunalipima: lilikuwa la haja? lilikuwa sawa?

Sikiliza "usingenunua mkate." Kwa sauti tofauti, mimi naisikia mara tatu. Mama anamwambia mgeni aliyeingia na mkate mkononi: usingenunua mkate, jamani, upo. Mume anamwambia mke, bei imepanda na pesa hakuna: usingenunua mkate. Na mtu anayefikiria yasiyotokea: kama ungejua, usingenunua mkate. Kiswahili kinatumia -singe- kote (mwenzangu wa Nairobi atasema "hungenunua", kazi ni ileile) na kinaacha sauti na mahali pamalizie. Kiingereza hakikubali. Kinakutaka uchague: "You needn't have bought bread" kwa mgeni, "You shouldn't have bought bread" kwa lawama, "You wouldn't have bought bread" kwa yasiyotokea.

Mzizi wa kosa langu la pili ndio huo. Katika Kiswahili nilikuwa mpole. Katika Kiingereza nilikuwa hakimu.

"Needn't have" inabeba mambo mawili kwa pamoja: kitu kilifanyika, na haikuwa lazima. "I needn't have taken a taxi, the meeting was cancelled." Nilichukua teksi, pesa zimekwenda. "I didn't need to take a taxi, so I walked." Sikuichukua. Uzuri wa "needn't have" ni kwamba hakuna shaka kitendo kilitokea. Udhaifu wa "didn't need to" ni kwamba inaweza kwenda pande zote mbili. "I didn't need to take a taxi" peke yake haikuambii kama nilipanda au la. Ni sawa na "sikuhitaji kuchukua teksi" yetu, ambayo nayo inamwacha msikilizaji akisubiri sentensi inayofuata.

Kama ningekuwa mkali wa vitabu ningesema tumia "needn't have" kila kitendo kinapokuwa kimetokea. Lakini Wamarekani hawaitumii sana. Kwao utasikia "You didn't have to do that" au "You didn't need to do that", na hiyo ndiyo shukrani yao ya kila siku kwa mtu aliyejisumbua. Kwa hiyo ushauri wangu: ukimwandikia Mwingereza, "needn't have" ni safi na ya adabu, ukimwandikia Mmarekani, "didn't have to" na utaje kitendo chenyewe ili kisipotee. Na usichanganye: "needn't to have" na "didn't need to have bought" zote ziache.

"Shouldn't have" ni lawama, kwa mtu mwingine au kwa nafsi yako. "I shouldn't have signed it." Sikupaswa kutia sahihi, na nilitia. "Oughtn't to have" ni ileile kwa mavazi ya kizee; hiyo, tofauti na zote nyingine hapa, inadai "to". Kuna pahala pamoja ambapo "shouldn't have" haina makali, nayo ni unapopokea zawadi: "Oh, you shouldn't have!" Inasimama peke yake, bila kitenzi baada yake, kwa tabasamu, na ni "usingejisumbua" yetu sawasawa. Nafikiri hiyo ndiyo niliyowahi kuisikia kwenye filamu ikanipotosha. Nilidhani nikiongeza kitenzi upole utabaki. Upole huo uko kwenye ile sentensi iliyokatika. Ukiimalizia, "you shouldn't have sent another set", inarudi kuwa lawama.

Angalia pia kwamba "hakupaswa" yetu ina utata wake. "Hakupaswa kulipa" huweza kuwa "hakuwa na wajibu wa kulipa" na huweza kuwa "alikosea kulipa". Ya kwanza ni "didn't have to" au "needn't have", ya pili ni "shouldn't have". Mtu anayetafsiri ripoti ya ukaguzi akikosea hapa, amemtia mhasibu hatiani.

Matumizi mengine ya "shouldn't have" nayapitia mbio: ya matarajio. "It shouldn't have taken three weeks" ni kwamba haikutarajiwa kuchukua wiki tatu, na imechukua. "The bus shouldn't have left yet" ni kwamba kwa ratiba basi halijaondoka, twende. Ya kwanza inajua, ya pili inakisia. Mazingira hukuambia.

Yasiyotokea: "wouldn't", "couldn't" au "might not"?

Hapa mwenye -nge- na -ngali- amebeba nusu ya mzigo tayari. "Kama angevaa helmeti asingekufa." "If he had worn a helmet, he wouldn't have died." Kitabu kitakuambia -ngali- ndiyo ya wakati uliopita, "asingalikufa", na kwa fasihi ni kweli, mitaani -nge- imekula zote mbili, nasi tunaelewana.

Chaguo liko kwenye kiasi cha yakini. "Wouldn't have died": nina hakika angepona. "Might not have died": pengine angepona, siwezi kuapa. Daktari mwangalifu hutumia ya pili. "Couldn't have died" haifai hapa, maana hakuna helmeti inayofanya kifo kisiwezekane.

Na hapa ndipo "may" na "might" zinapoachana. "If he had worn a helmet, he may not have died" utaiona magazetini, na wahariri wengi huikataa, nami niko upande wao. "May" huacha jambo wazi hadi sasa, kana kwamba hatujui kama mtu huyo alikufa. "Might" inakubali kwamba alikufa na inawaza tofauti. Kwa habari ya msiba, tofauti hiyo si ya kuchezea.

Neno dogo kuhusu sikio

Kwenye mazungumzo "have" hupungua hadi kuwa sauti ndogo ya "v", na "couldn't have" husikika kama "kudntav". Wenye lugha wenyewe huisikia kama "of" na huandika "couldn't of", Uingereza na Marekani kote. Usiwaige eti kwa sababu wamezaliwa nayo. Kifupisho halali ni "couldn't've", kwa mazungumzo yaliyoandikwa tu. Katika barua ya kazi mimi siandiki hata "couldn't". Naandika "could not have", maneno matatu kamili, ili macho yangu yapate nafasi ya kuona "not" imekaa wapi.

Mtu akiniuliza aanze na zipi, namwambia tatu: "can't have" kwa haiwezekani, "might not have" kwa huenda haikuwa, "needn't have" kwa usingejisumbua. "Shouldn't have" ataijua tu, kwa kuwa lawama hujifunzwa haraka. Zingine zitakuja na kusoma.

Yule mteja alijibu baada ya siku mbili. Nilimwandikia barua ya tatu, ndefu, nikieleza Kiingereza changu kilivyonisaliti mara mbili. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Please don't worry, you couldn't have known." Nilikaa nao muda, nikipima ni "couldn't" ipi hiyo. Ilikuwa ile ya huruma: usingeweza kujua hati ziko wapi. Sikumwandikia tena. Ile droo ilikuwa hatua nne kutoka kiti changu.